Uzi: Nyimbo za kanda hazisikiki, za sasa zinapasua masikio. Mnasawazisha vipi sauti?

MtotoWaMalindi:
Assalaam alaykum wadau. Suala langu ni la muziki, si la siasa, kwa hiyo tafadhalini tusiuvuruge uzi.

Hapa nyumbani kuna hazina ya nyimbo aliyoikusanya mzee miaka mingi. Taarab asilia alizorikodi kwenye kanda kutoka redioni, kanda za vikundi vya taarab vya Ikhwan Safaa na Culture, Siti binti Saad za santuri alizopewa na watu, kidumbaki, nyimbo za Kihindi. Juu yake sisi watoto tumemwaga rusha roho, bongo fleva na kaswida. Zote nimeshazitia kwenye kompyuta, nyingi MP3, chache FLAC (zile zisizopunguzwa ubora).

Shida inakuja tukipiga kwa kuchanganya. Mzee yuko barazani, unapita wimbo wa kanda, fidla inasikika kwa mbali, anasema "ongeza". Naongeza. Unaofuata ni modern taarab, kinanda kinaingia, jirani anachungulia dirishani. Nakimbilia kupunguza. Jioni nzima kazi yangu ni hiyo.

Nasikia ipo njia ya kuzisawazisha. Ila sitaki kuziharibu faili za mzee, maana kanda nyengine zimeshaliwa na unyevu na hazirudi tena. Mnafanyaje?

Utingo505:
Dawa ninayo: weka zote juu. Anayelalamika ashuke kituo kinachofuata 😂

Mstaafu_Chake:
Waalaykum salaam kijana. Wajukuu waliniwekea Audacity, programu ya kuhariri sauti. Unafungua wimbo, unaunomalaizi, unauhifadhi. Nimezifanya nyimbo zangu zote hivyo, na kwenye kioo mistari yote imefika juu kabisa. Lakini nikwambie kweli, tofauti bado naisikia. Siti yuko chini, hawa wa sasa wako juu. Labda masikio yangu.

FundiWaMichenzani:
Mzee wangu Mstaafu, shikamoo. Masikio yako hayana neno. Programu ilisawazisha vilele, na sikio halihukumu kwa kilele, linahukumu kwa nguvu ya wimbo kwa jumla.

Kwenye dijitali kuna dari, inaitwa 0. Hakuna sauti inayopita juu yake. Inayojaribu kupita inakatwa kichwa, na huko kukatwa ndiko kunakoleta ule mpasuko. Unaponomalaizi kwa kilele, programu inatafuta pahala pamoja tu palipo juu kuliko pote, inapapandisha hadi darini, basi. Sasa chukua wimbo wa kanda. Mtu aligusa maikrofoni, au redio kaseti ilipiga "tak" ilipowashwa. Ile "tak" ndiyo kilele. Ikishafika darini, mwimbaji amebaki chini kule kule aliko. Halafu chukua wimbo uliotoka studio juzi: umepitishwa kompresa, ukapitishwa limita, pa chini pamenyanyuliwa na pa juu pamebanwa, wimbo mzima umegandia darini. Vilele vya nyimbo mbili hizi ni sawa sawa. Masikioni tofauti yake inaweza kupita desibeli 10, na desibeli 10 watu wengi wanaihisi kuwa ni sauti mara mbili.

Kwa hiyo inatakiwa programu ipime kile sikio linachokisikia. Mwaka 2001 David Robinson alipendekeza utaratibu alouita ReplayGain. Programu inaupitia wimbo mzima, inakadiria nguvu yake masikioni, halafu inaandika tarakimu kwenye tagi, pale pale panapokaa jina la mwimbaji. Huyu ateremshwe 9, huyu apandishwe 4. Kipiga muziki kinaisoma tarakimu hiyo kinapofungua wimbo, kinapandisha au kushusha chenyewe. Baadaye, 2006, ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, wakatoa kipimo chao cha BS.1770, na 2010 EBU ya watangazaji wa Ulaya wakaja na R 128, ndio hizi LUFS mnazozisikia, yaani kizio cha kupimia nguvu ya sauti masikioni. Wao redioni hulenga −23. Programu nyingi za kuchezea nyimbo siku hizi zinapima kwa kipimo hicho hicho lakini zinalenga −18, kwa sababu ndiko kunakolingana na zile desibeli 89 za ReplayGain ya mwanzo.

MtotoWaMalindi:
Ahsante fundi. Yaani muziki wenyewe ndani ya faili haubadiliki hata kidogo?

FundiWaMichenzani:
Haubadiliki. Ukizifuta tagi umerudi ulipotoka. Hata hivyo weka nakala pembeni kabla hujaanza. Kwa kanda zisizorudi, mie ningeweka nakala mbili, moja nje ya nyumba.

Kwenye Windows tumia foobar2000, ni ya bure. Zichague nyimbo, bonyeza kitufe cha kulia, nenda sehemu ya ReplayGain. Utakuta njia tatu: pima kila wimbo peke yake, pima ulizochagua zote kuwa ni albamu moja, au pima kwa albamu kufuata tagi. Faili zako za kanda bila shaka hazina tagi ya albamu, kwa hiyo zichague kanda moja moja utumie ile njia ya pili. Vyenginevyo utatagi mpaka Ramadhani.

Kupima peke yake hakutoshi. Ingia na kwenye mipangilio ya kupiga, washa ReplayGain, uchague ishushe na kupandisha huku ikizuia mpasuko. Watu wengi wanapima, hawawashi, halafu wanarudi hapa kusema haifanyi kazi.

Pemba_Peremba:
Sie wa Wete tusio na kompyuta tufanyeje? Nyimbo zangu zote zimo kwenye memori kadi ya simu. Kwenye VLC ya kompyuta ya mwenzangu niliona pameandikwa kusawazisha sauti, nikaweka tiki, ikawa balaa. Wimbo unaanza kwa ganuni tu, sauti inavimba, inavimba, na uvumi wa kanda nao unapanda. Akiingia mwimbaji, inanywea ghafla.

FundiWaMichenzani:
Hiyo si ReplayGain, Pemba. VLC ya kompyuta inayo yote mawili na ndipo watu wanapojichanganya. Hiyo ulowasha inafukuza sauti papo kwa papo wimbo ukiwa unapigwa: ikisikia kimya inapandisha, ikisikia kelele inashusha. Inafaa filamu, mazungumzo yakiwa chini na milipuko juu. Kwa taarab ni uharibifu. ReplayGain inaweka kiwango kimoja kwa wimbo mzima na haikigusi mpaka umalizike, kwa hiyo ganuni inabaki chini ya mwimbaji vile vile ilivyorikodiwa.

Kwa simu ya Android, foobar2000 ipo ya bure na Poweramp ipo ya kulipia, zote zinasoma hizo tagi. Lakini kupima kafanye kwenye kompyuta ya mtu. Tia kadi, pima, rejesha kadi. Ni kazi ya mara moja.

UziWaGanuni:
Samahanini mafundi, naingia kama mpiga ganuni, si mtu wa kompyuta. Kuna jambo mnalipita haraka.

Chukua rikodi ya onyesho zima. Linafunguliwa kwa bashraf, vyombo vitupu, hakuna mwimbaji. Bashraf imetulia kwa makusudi, watu bado wanakaa, wanasalimiana. Kisha unakuja wimbo wa kwanza, wa pili, na kuelekea mwisho ndipo akina mama wanainuka kutunza, ukumbi umechemka. Sasa wewe ukipima kila wimbo peke yake ukazilinganisha, bashraf itanyanyuliwa ikae sawa na wimbo wa mwisho. Mwendo mzima wa usiku ule umeshaulaza chini. Hata ndani ya santuri moja, upande wa kwanza na wa pili ni nyimbo mbili lakini aliyeimba kaimba siku moja mbele ya maikrofoni moja.

Kwa hiyo mie nasema msiguse kitu. Mtu anyanyuke akaongeze sauti.

Dijei_Kwahani:
Dada, unyanyuke mara ngapi? Nyimbo mia tano!

FundiWaMichenzani:
Dada UziWaGanuni, hoja yako ni ya haki kabisa, na waliotengeneza ReplayGain waliiona tangu mwanzo. Ndio maana zinaandikwa tarakimu mbili: ya wimbo na ya albamu. Ya albamu inapima kanda nzima pamoja, inatoa kiwango kimoja, na nyimbo zote za kanda ile zinapanda au kushuka kwa kiasi hicho hicho. Bashraf inabaki chini ya wimbo wa mwisho kwa tofauti ile ile waliyoiacha wapigaji. Kinachosawazishwa ni kanda na kanda nyengine.

foobar ina na njia ya kufuata mpangilio: ukipiga kwa kuchanganya inachukua tarakimu ya wimbo, ukipiga kwa mfuatano inachukua ya albamu. Mie naitumia hiyo na siigusi tena.

Jambo jengine litakalokufurahisha: kipimo cha R 128 kina mlango. Vipande vilivyo chini ya wastani wa wimbo kwa desibeli 10 na zaidi havihesabiwi. Kwa hiyo ganuni ikianza peke yake polepole kabla ya mwimbaji, ule utulivu haumdanganyi mpimaji akadhani wimbo wote ni dhaifu.

UziWaGanuni:
Hapo tumeelewana. Ila uvumi wa kanda ukinyanyuliwa mtausikia, hilo hakuna tarakimu ya kuliondoa.

Dijei_Kwahani:
Kaka fundi, njoo huku kwangu. Mie napiga harusini. Ukinishushia nyimbo hadi −18 ukumbi utalala. Na wasanii wenyewe wakiniletea nyimbo wanasema "hii imekaa juu, itang'ata".

FundiWaMichenzani:
Amplifaya yako haina kitasa? Shusha faili, pandisha amplifaya. Ukumbi utapata nguvu ile ile, na nyimbo zako zote zitakuwa na nafasi ya kupumua chini ya dari.

Hao wanaotaka nyimbo ing'ate waambie Spotify kwa kawaida inazisawazisha nyimbo kwa kulenga −14, na YouTube nayo inazishusha zilizozidi. Wimbo uliobanwa hadi ukakosa pumzi ukifika huko unateremshwa, unabaki mbano bila ya nguvu. Jasho la bure hilo.

Ila nikuonye: kipimo hichi kimetengenezwa kwa sikio, na sikio halilisikii besi la chini kabisa kwa wepesi linavyosikia sauti ya mtu. Kwa hiyo mpimaji analipa besi uzito mdogo. Kwenye spika ya simu huoni tofauti, lakini wewe una masabufa mawili ukumbini. Nyimbo mbili zenye tarakimu sawa, moja ya udi na moja ya besi la kompyuta, hii ya pili itawatikisa watu vifua zaidi. Kitasa cha besi usikiachie mkono.

Dijei_Kwahani:
Hilo la besi nimelishuhudia, nilidhani ni spika. Suala la pili: mie natia fleshi moja kwa moja kwenye miksa. Miksa haisomi tagi hizo, nimejaribu.

Utingo505:
Na redio ya gari vile vile. Hapa sasa sifanyi mzaha.

FundiWaMichenzani:
Vyombo vingi vya fleshi havisomi, kweli. Kwa MP3 ipo MP3Gain. Ndani ya MP3 kila kipande kidogo cha sauti kina tarakimu yake ya kiwango, na kila chombo lazima kiifuate ili kiweze kupiga. MP3Gain inaibadilisha tarakimu hiyo kwa hatua za desibeli 1.5, haifungui muziki na kuusaga upya, kwa hiyo ubora haushuki. Na inaandika ilichobadilisha, ukitaka kurudisha unarudisha. Lengo lake la kawaida ni 89, liache hapo. Mtu atakushawishi uweke 95 ili "isikike". Ukifika huko nyimbo nyingi zitapasuka, na programu yenyewe inakuonyesha kwa rangi nyekundu.

Utaratibu wangu: faili za asili nazitia tagi tu. Za gari na za harusini natoa nakala kwenye fleshi, nakala ndiyo inayopitishwa MP3Gain.

Mstaafu_Chake:
Nami nina la kuuliza, fundi. Kwenye kompyuta yangu ile ile kuna Qur'ani juzuu zote thalathini, na mawaidha. Nikikubali kupima kila faili, sura fupi za mwisho hazitabadilika zikapiga kelele?

FundiWaMichenzani:
Msomaji mmoja, khitma moja: ifanye yote albamu moja, mzee wangu, na uisikilize kwa tarakimu ya albamu. Hapo sura fupi na ndefu zitakaa vile alivyosoma. Na ukiweza itoe kabisa kwenye folda ya nyimbo. Kuchanganya kitu hicho na rusha roho haifai hata bila ya hoja ya sauti.

Mawaidha ni shughuli nyengine. Shekhe anasogea mbali na maikrofoni, anarudi, anapaza, ananong'ona. Hapo ReplayGain inasaidia kidogo tu, kwa sababu tofauti imo ndani ya faili lenyewe. Kwa mawaidha, ile VLC ya Pemba_Peremba ndiyo pahala pake.

MtotoWaMalindi:
Nimerudi na ripoti. Nimepima mkusanyiko wote. Modern taarab nyingi zimetoka kati ya −8 na −10. Kanda za mzee, nyingi +3, +4. Kwa kuchanganya sasa raha, tofauti imekufa.

Lakini kuna wimbo mmoja wa kanda umeandikwa +9.4 na bado uko chini vile vile. Kilele chake kimeandikwa 0.98. Hapo fundi nimekwama.

FundiWaMichenzani:
Safi, hilo ndilo nililokuwa nalingojea. 1.00 ni dari. 0.98 maana yake umebakiwa na nafasi ya desibeli 0.2 tu hivi. Programu inataka kupandisha 9.4, lakini ulishaiamrisha izuie mpasuko, kwa hiyo inapandisha 0.2 na kusimama. Imekutii.

Sikiliza mwanzo wa faili. Nina hakika kuna "tak".

MtotoWaMalindi:
Ipo! Sekunde ya mwanzo kabisa, kabla ya muziki.

FundiWaMichenzani:
Basi chukua nakala, ifungue kwenye Audacity, ikate ile "tak" peke yake, hifadhi kwa FLAC usiibane tena, upime upya.

MtotoWaMalindi:
Kilele sasa 0.42. Bado inataka +9.4.

FundiWaMichenzani:
0.42 inakupa nafasi ya desibeli 7.5. Umebakisha pengo la 2 hivi. Usiusukume wimbo huo peke yake, bora teremsha wengine wote. Kwenye mipangilio ya ReplayGain kuna priampu, iweke −2. Nyimbo zote zitashuka kwa 2, huu nao utahitaji 7.4, na utaingia bila ya kugusa dari. Halafu ongeza amplifaya kidogo.

Huo ndio msimamo wangu siku zote na watu hubishana nami: wenye kelele washushwe kwanza, dhaifu apandishwe mwisho na kwa kiasi. Kushusha hakumuumizi mtu. Kupandisha kunaleta mpasuko, na kunapandisha ule uvumi alousema dada UziWaGanuni. Santuri za mwanzo za Siti zilirikodiwa Bombay 1928, zina mkwaruzo wao, na ukizipandisha desibeli 9 utasikiliza mkwaruzo na Siti nyuma yake.

Na kuna priampu ya pili, ya faili ambazo hazijapimwa. Iweke −8 au karibu yake. La sivyo siku mdogo wako akishusha wimbo mpya mtandaoni akautia humo bila kupima, utakupasua masikio.

UziWaGanuni:
Nimepima na mimi kanda zangu tatu usiku huu, kwa albamu. Bashraf imekaa pahala pake. Ila fundi, kanda moja ina upande A uliorikodiwa kwa sauti kubwa na upande B mdogo sana, aliyerikodi nadhani alikigusa kitasa alipoigeuza. Nifanye albamu moja au mbili?

FundiWaMichenzani:
Mbili. Tofauti hiyo ni ya mrikodi, wapigaji hawahusiki nayo.

Dijei_Kwahani:
MP3Gain nimeipitisha kwenye fleshi nzima. Suala dogo: faili za m4a imezikataa.

FundiWaMichenzani:
Hizo ni AAC. Itafute AACGain, kazi ni ile ile. Na wenye iPhone, Apple wana kitu chao kinaitwa Sound Check, kiwashe kwenye mipangilio ya muziki, hakina mambo mengi.

Pemba_Peremba:
Wadau, nani anakuja Wete au hata Mkoani wiki hii na laptopu? Kadi ninayo, chai na mkate wa kumimina juu yangu.

Mstaafu_Chake:
Uko Wete unatafuta mtu wa Unguja wa nini? Panda gari uje Chake, foobar nimeshaiweka. Njoo baada ya lasiri, asubuhi umeme haukai.

Pemba_Peremba:
Inshaallah mzee wangu, kesho. Naja na kadi mbili, ya pili ni ya mke wangu, ina kaswida tupu.